Vifurushi vya Mratibu Mkuu

Ofisi ya Uratibu wa Vibali vya Mifugo Mpakani, makao makuu Tororo, inayo furaha isiyo na kifani kuwatangazia wananchi wa pande zote mbili za mpaka, wenye ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, pamoja na ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe wenyewe, kwamba kuanzia Jumatatu hii hakuna mtumishi atakayefikiri tena akiwa kazini. Kufikiri kumeshafikiriwa. Kuanzia sasa kila kazi itafanywa na Vifurushi.

Hivyo ndivyo tangazo lilivyosema, na lilibandikwa Kirewa, Petta, Lunyo na Busia. Chini yake kulikuwa na saini ya Bwana Ben Engole, Mratibu Mkuu, saini ndefu yenye mkia wa kuzunguka mara mbili. Watu walisimama, wakasoma, wakaguna, wakaendelea na safari. Ng'ombe hawakusema kitu, na ofisi ikaandika kwamba wadau wote wameafiki.

Sasa, aliyeleta mambo haya yote, na aliyaleta kwa moyo mweupe kabisa, ni Joan Akiteng, fundi wa kompyuta wa ofisi hiyo. Usidhani walikuwa mafundi wengi. Alikuwa yeye na begi lake. Kwa miaka minne alikuwa akipanda boda boda kwenda kituo kimoja baada ya kingine, na kila akifika, kazi ni zile zile kumi na mbili: kuweka saa ya kompyuta sawa, kuiamsha printa, kubadilisha neno la siri, kutunza orodha ya vibali isipotee, na kadhalika mpaka kiuno kinauma. Siku moja ya mvua njia ya Lunyo ilimwangusha yeye, dereva na begi, na akiwa pale matopeni akajiuliza, kwani lazima niende?

Alipofika nyumbani akaandika kifurushi. Kifurushi si jambo la ajabu. Mwanamke yeyote mwenye ndugu wengi anajua misiba haiishi, kwa hiyo ana mzigo wake aliokwisha kuufunga: mkeka, leso, kikombe, kijiko. Akisikia kilio anabeba mzigo ule ule. Anachobadilisha ni jina la boma anakokwenda. Basi Joan naye alizifunga zile kazi kumi na mbili pamoja, akaacha mapengo mahali pa kujaza jina la kituo na jina la printa, kisha akiwa Tororo kwenye kiti chake, anaita kifurushi kwa jina lake na kompyuta ya Lunyo inajitengeneza yenyewe. Kifurushi kimoja kiliweza kuita kingine ndani yake. Ilikuwa kazi safi, na ingebaki safi kama Mratibu Mkuu asingeielewa.

Lakini aliielewa. Ilimchukua wiki tatu, na alipoielewa akapitiliza.

"Akiteng," alisema, "hii akili umeitoa wapi?"

"Kwenye tope, Mkuu."

"Kwenye ripoti tutaandika imetoka kwenye uongozi."

Tangu siku hiyo kila kitu kikawa kifurushi. Kukawa na kifurushi cha kupokea mgeni, cha kupeleka vifaa, cha kutoa onyo, cha kumuaga mtumishi anayeondoka. Mratibu Mkuu aliagiza saini yake ichorwe ndani ya kompyuta, ili kila barua itakayotokana na kifurushi itoke ikiwa tayari imetiwa saini, maana mtu wa cheo chake hawezi kushinda akisoma anachokubali. Halafu akatoa waraka wenye maneno matatu tu, ukatundikwa kila ukuta: HAKUNA KUANDIKA UPYA. Mtumishi akitaka kusema jambo, atafute kifurushi kilichopo, ajaze mapengo. Karani mmoja wa Kirewa alikaidi, akaandika kwa mkono wake kwamba printa imekufa. Kwa kuwa kifurushi pekee cha onyo kilikuwa kile kilichoandikwa kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, karani alipokea barua ya kumwonya, ikimwagiza asichanganyike na wenzake na aoshwe kwa dawa miguu yote minne. Alitii miwili.

Mambo yakienda vizuri hivyo, hapakosi kamati. Kamati ya Kupima Umuhimu wa Vituo ilikaa vikao saba, ikanywa chai vikao vyote saba, ikagundua kwamba kituo chenye maana ni kile kinachofanya kazi. Ugunduzi huo uliandikwa kurasa arobaini. Kwa ufupi ulisema hivi: kituo ambacho hakijatoa hata kibali kimoja kwa siku thelathini hakina maana, na kifungwe.

Petta ilikuwa na siku ishirini na sita bila kibali. Sababu yake haikuwa siri. Kibali huchapwa kwenye karatasi ya kijani, na karatasi ya kijani ilikuwa imeisha Petta. Maboksi yalikuwapo, yamejaa kwenye stoo ya makao makuu. Tatizo ni kwamba ombi la karatasi ya kijani, kwa mujibu wa utaratibu, lazima lichapwe kwenye karatasi ya kijani. Ofisi ilikuwa na huruma sana na Petta, lakini utaratibu ni utaratibu.

Jumatatu Joan aliitwa juu.

"Yoga noi, Mkuu," akamsalimia kwa Kiteso.

"Yoga, Akiteng. Kaa. Usikae sana. Ijumaa anakuja Mkaguzi kutoka Kampala. Nataka aone kituo kikifungwa mbele ya macho yake, kwenye ukuta, kwa ile taa ya kuonyesha picha. Niandikie Kifurushi cha Kufunga Kituo."

Joan alijua ni kituo gani. "Nitaje Petta?"

"Usitaje mtu wala mahali! Ukitaja Petta, kesho wazee wa Petta wako hapa mlangoni na fimbo zao. Mashine yenyewe itafute kisicho na maana."

"Mkuu, njia ziko mbili," Joan akasema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Ya kwanza, tunapanga yote mapema. Orodha nzima inajulikana kabla hatujaanza, unaisoma kwenye karatasi: hapa itagusa kile, hapa itagusa hiki. Ya pili, kompyuta inaita kifurushi papo kwa papo. Inafika mahali, inaangalia hali iliyoikuta, ndiyo inaamua iite nini. Hiyo ya pili ina nguvu. Lakini ukitaka kuona kabla itamgusa nani, huoni. Utaona ikishagusa."

Macho ya Mratibu Mkuu yaling'aa. "Papo kwa papo," akasema, akionja maneno yenyewe. "Hata mimi sijui?"

"Hata wewe."

"Basi hakuna atakayesema ni mimi. Andika hiyo."

"Naweza kuweka mstari mmoja wa 'isipokuwa', Mkuu? Kwamba kituo kisihesabiwe kama kilikosa karatasi?"

"Akiteng, ukianza na isipokuwa moja, nchi nzima itataka isipokuwa. Mfumo hauangalii sura ya mtu."

Kesho yake Joan alipanda boda boda kwenda Petta, ingawa kompyuta ya Petta haikuwa na ugonjwa wowote. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la bati. Ndani alikaa Mzee Owor, karani, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nje ya dirisha alisimama mwanamke wa makamo, ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na fahali mwekundu aliyenona mpaka anang'aa.

"Habari ya kazi, Mzee Owor?"

"Kazi iko, nyara, binti yangu. Karatasi ndio hakuna."

Yule mwanamke akageuka. Aliitwa Mama Abbo, na sauti yake haikuhitaji spika. "Wewe ndio mtu ya kompyuta? Asante Mungu. Mimi nakuja hapa leo siku ya nne na huyu ng'ombe. Sasa yeye anajua njia kuliko mimi. Kesho namtuma peke yake."

"Unampeleka wapi, mama?"

"Ng'ambo, Busia ya Kenya. Mtoto wangu anaoa. Wakwe walisema Jumamosi, ng'ombe asimame kwa boma yao kabla jua kali. Wale watu hawana mchezo. Walishangoja mara mbili. Walisema mara hii asipofika, msichana anarudi kwao. Na mjukuu wangu ako kwa tumbo, miezi sita!"

"Si apitie tu njia ya panya kama wengine?" aliuliza dereva wa boda boda, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Mama Abbo akamtazama toka viatu mpaka kofia. "We kijana, ng'ombe ya mahari nipitishe kama sukari ya magendo? Baba ya msichana anataka kibali kwa mkono kabla hajasema karibu. Bila karatasi anasema, huyu mama ameleta ng'ombe ya wizi. Halafu kila siku bibi arusi akikosea chumvi, tunaambiwa sisi wezi."

Dereva akaenda kuangalia gurudumu lake.

Joan akaingia ndani, akamweleza Owor yale ya Ijumaa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Watafunga aje? Hawajawahi kufungua vizuri."

"Sicheki, mzee wangu. Mashine ndiyo itaamua."

"Hii hapa?" Owor akaigonga kompyuta kwa kidole. "Mvua ikinyesha mimi ndio naifunika na leso ya mke wangu. Leo inataka kunifukuza?" Akachungulia dirishani, kisha akasema kwa sauti ya chini ili Mama Abbo asisikie, "Sikiza. Mimi nikifukuzwa, naenda kulima. Shamba iko. Lakini mtu wa Petta akitaka kibali, ataenda wapi? Tororo? Na mbuzi, kwa mguu? Wataacha kuomba. Watapita usiku, watashikwa, watanyang'anywa. Karatasi nne tu, nyara. Hata tatu."

Joan aliporudi makao makuu hakushika chakula. Alifungua orodha ya vifurushi vyake, akavipitia kimoja kimoja, kama mtu anayepekua sanduku akitafuta gauni litakalofaa shughuli asiyoizoea. Cha kuomba karatasi hakikuwapo. Kuandika kipya kulikatazwa kwenye kila ukuta. Lakini kulikuwa na Kifurushi cha Kupeleka Vifaa, kilichoandikwa kwa ajili ya soda za wageni. Kilikuwa na mapengo matatu: kitu gani, kiasi gani, kiende wapi. Joan akajaza. Kisha akakiita.

Jumatano asubuhi barua ikatoka kwenye printa ya Dorah, katibu wa Mratibu Mkuu na mtunza funguo za stoo. Dorah akaisoma kwa sauti:

"Kwa heshima na taadhima, tafadhali peleka KARATASI ZA KIJANI, maboksi MAWILI, yakiwa baridi, hadi PETTA, kwa ajili ya kumkata kiu Mheshimiwa." Akainua kichwa. "Joan. Yakiwa baridi?"

"Saini ni ya nani?"

Dorah akautazama ule mkia uliozunguka mara mbili. "Ya Mkuu."

"Sasa mimi nitasema nini?"

Dorah alikuwa mtumishi wa miaka kumi na tisa, na hakuifikisha kwa kuuliza maswali. Alifungua stoo, akatoa maboksi mawili, akatoa soda za Mratibu Mkuu kwenye friji, akaingiza karatasi. Baada ya saa moja akazigusa kwa kiganja, akaridhika, akaliita gari la ofisi.

Alhamisi Petta ilitoa vibali arobaini na kimoja. Cha kwanza kilikuwa cha fahali mwekundu. Mama Abbo alikipokea, akakiweka shavuni, akasema, "Eh! Serikali imekuwa baridi hivi tangu lini?" Kisha akaivuta kamba na kushika njia ya Busia, na waliomwona wanasema hakuna aliyejua nani anamvuta mwenzake.

Alhamisi hiyo hiyo, Mratibu Mkuu alitaka kuona mapema picha itakayoonekana ukutani. Joan akamwonyesha orodha ya vituo: Busia, Kirewa, Lunyo, Petta.

Mratibu Mkuu akaisoma mara ya kwanza. Akaisoma mara ya pili kutoka chini kwenda juu.

"Mimi niko wapi?"

"Wewe si kituo, Mkuu. Hii ni orodha ya vituo."

"Mkaguzi atoke Kampala, aangalie ukuta mzima, aone jina la Petta na asione langu?"

"Vituo ndivyo vinavyotoa vibali, Mkuu. Kompyuta yako kazi yake..." Joan akatafuta neno. Kompyuta ya Mratibu Mkuu ilikuwa na kitambaa cha kufuma juu yake na chombo cha maua juu ya kitambaa. "Kazi yake ni nyingine."

"Iandike. Kituo Namba Moja. Juu kabisa."

"Nikikuandika kama kituo, mashine itakuhesabu kama kituo."

"Ndicho ninachotaka. Nihesabiwe!"

"Mkuu, nakuomba tufikirie kidogo..."

"Tangazo lilisema nini kuhusu kufikiri?"

Joan akaomba aagizwe kwa maandishi. Ni ombi la kawaida, na dakika mbili baadaye agizo lilikuwa mezani kwake, limetoka kwenye kifurushi, limetiwa saini. Akaliweka kwenye begi. Akaandika Kituo Namba Moja, juu kabisa.

Ijumaa ukumbi ulipambwa. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwa kamba shingoni, na alikaa mstari wa mbele akinywa soda ambayo haikuwa baridi. Mratibu Mkuu alisimama ukutani, akahutubia kwa dakika hamsini juu ya ufanisi. Alisema ofisi yake haina upendeleo. Alisema leo mfumo utatafuta kisicho na maana na kukiondoa papo hapo, bila mkono wa mtu.

"Na tukigundua makosa?" Mkaguzi aliuliza.

"Mfumo haukosei, Mheshimiwa. Wanaokosea ni watu, nao tumewaondoa kwenye utaratibu."

Joan alikuwa mezani, kidole juu ya kitufe. "Mkuu, una hakika?"

"Sogea," akasema Mratibu Mkuu. "Hii ya leo nabonyeza mwenyewe." Akabonyeza, akageuka kwa watu, akaanza kupiga makofi. Ukumbi ukamfuata, maana ukumbi hulipwa posho.

Ukutani maandishi yakaanza kushuka.

KITUO NAMBA MOJA. Vibali vilivyotolewa siku thelathini: SIFURI. Hali: HAKINA MAANA. Kinaitwa: KUFUNGA KITUO.

Makofi yalikuwa bado yanaendelea, na ya Mratibu Mkuu ndiyo yaliyosikika zaidi, kwa sababu alikuwa ameupa ukuta mgongo. Watu wa nyuma wakaacha. Kisha wa katikati. Akabaki anapiga peke yake.

Ndani ya Kufunga Kituo, kama mnavyojua, kulikuwa na vifurushi vingine. Kwanza kiliitwa Kurudisha Mali. Simu ya Samuel, askari wa mlangoni, ikalia. Akasoma ujumbe, akavaa kofia yake vizuri, akaja mpaka mbele.

"Samahani Mkuu. Naomba funguo. Na ya gari. Na ya stoo, Madamu Dorah, nayo imeitwa."

"Samuel, unaniona mimi ni nani?"

"Nakuona vizuri, Mkuu. Lakini hapa imeandikwa mfumo hauangalii sura." Akaangalia simu tena. "Na kile kiti chako cha kuzunguka. Kimeitwa pia."

Pili kiliitwa Kumuaga Mtumishi. Printa ya Dorah ikaguna, na Dorah, kwa mazoea, akaichukua barua na kumpelekea mgeni wa heshima. Mkaguzi akaisoma kwa utulivu:

"Ndugu ENGOLE. Tunakushukuru kwa utumishi wako katika nafasi ya KITUO. Pengo lako halitazibika kirahisi, hivyo hatutajaribu. Tafadhali usirudi. Wako mtiifu, Engole." Akaigeuza, akaitazama saini, akaigeuza tena. "Hii ni saini yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Umeitia mwenyewe?"

Hapo Mratibu Mkuu alikwama. Akisema hapana, barua zote za mwaka mzima zingekuwa hazina mwenyewe. "Ni yangu," akasema.

"Nimekagua ofisi nyingi," Mkaguzi akasema, akiandika. "Sijawahi kuona kiongozi akianza na yeye mwenyewe. Hongera sana."

Nyuma yao ukuta uliendelea kusoma. Busia, kinaendelea. Kirewa, kinaendelea. Lunyo, kinaendelea. Petta, vibali arobaini na kimoja, kinaendelea. Joan akashusha pumzi aliyoibana tangu Jumatatu.

Wageni walipoondoka, Mratibu Mkuu alimfuata Joan hadi mezani kwake, akasimama, maana kiti hakikuwapo.

"Irudishe."

"Hakuna kifurushi cha kurudisha, Mkuu. Hukuagiza."

"Andika!"

Joan akatazama ukutani, kwenye yale maneno matatu, na Mratibu Mkuu naye akayatazama, na kwa mara ya kwanza akaona herufi zilikuwa kubwa mno.

"Basi tafuta kilichopo," akasema, sauti imeshuka. "Chochote kinachoruhusu kitu kutoka mahali kwenda mahali."

"Hicho kipo. Kimoja tu. Lakini kinachapwa kwenye karatasi ya kijani, na funguo za stoo zimeondoka na Mkaguzi kwenda Kampala. Nje ya stoo, kituo chenye karatasi za kutosha ni Petta."

Jumatatu asubuhi, Bwana Engole alishuka kwenye boda boda pale Petta, suruali ina tope mpaka magotini. Mstari ulikuwa mrefu. Alitaka kupita mbele, lakini mbuzi hawajui vyeo. Akasimama nyuma ya kondoo wawili na mbele ya Mama Abbo, aliyekuwa amerudi na jogoo wa kumshukuru Owor.

"Fahali walimpokea?" Owor alimuuliza Mama Abbo kutoka dirishani, akipaza sauti juu ya vichwa.

"Walimpokea! Baba ya msichana alisoma karatasi mara tatu, akaishiwa maneno. Saa hii bibi arusi ako kwangu anakula kama watu wawili." Kisha akamtazama mtu wa mbele yake. "Na huyu ana mnyama gani? Sioni kamba."

Zamu ilipofika, Owor akaweka miwani sawa, akafungua fomu kwenye kompyuta. Hakuonyesha kama anamjua wala kama hamjui. Kazi ni kazi.

"Aina ya mnyama?"

"Mzee Owor, wewe unanijua. Mimi ni Mratibu Mkuu. Nataka kibali cha kurudi ofisini."

"Mimi siruhusiwi kuandika upya, Mkuu. Najaza mapengo tu." Akapiga herufi kwa kidole kimoja. "Aina: Mratibu. Rangi?"

"Owor!"

"Haiendelei bila rangi."

"...Maji ya kunde."

"Pembe ziko?"

"Hakuna."

"Zilikatwa ama hazikuota?"

"Andika hakuna!"

"Alama ya sikio, hakuna. Chanjo, mwenyewe hajui. Mwenye mali?" Owor akasita hapo, akafikiri kweli kweli, ingawa kufikiri kulikuwa kumekatazwa. "Nitaweka wananchi. Kutoka nyumbani, kwenda ofisini. Sasa, sababu ya kusafirisha. Hapa siandiki, wewe unachagua. Ziko nne. Kuuza."

"Siyo."

"Kuchinja."

"Mungu apishe mbali."

"Kuzalisha."

Mstari mzima ukakohoa. Bwana Engole akaomba hiyo irukwe, kwa kuwa mke wake husoma karatasi.

"Basi imebaki moja," Owor akasema. Akageuza kioo cha kompyuta kidogo, ili mwombaji asome mwenyewe.

Bwana Engole akaisoma. Akaangalia nyuma, wale mbuzi, Mama Abbo na jogoo wake kwapani, watu wote wametulia wanangoja kusikia. Akalegeza tai. Akainama mpaka kinywa kikakaribia bati la dirisha, akasema kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa tangu aajiriwe:

"Malisho."

"Hiyo," akasema Mama Abbo nyuma yake, "hata sisi tungemjazia."